Kupima dayodi na LED: mita ikilia usishangilie kwanza

FUNDI WA KONA

Wakuu, habari za muda huu.

Kila nikipita jukwaa hili nakuta swali lilelile kwa sura nyingine: "Nimepima dayodi, mita imelia, kwa hiyo ni nzima. Sasa mbona redio haiwaki?" Mkuu, imelia kwa sababu imekufa.

Kwenye mita nyingi alama ya dayodi na alama ya mlio zinakaa kituo kimoja cha swichi, unahama kwa kubonyeza kitufe. Mlio unaoendelea maana yake umeme unapita bila kizuizi, kama kwenye kipande cha waya. Kazi ya dayodi ni kupitisha upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ikipitisha kama waya imepiga shoti, itoe. (Zipo mita zinazotoa mlio mmoja mfupi zikikuta dayodi nzima, kisha zinanyamaza. Hizo zisikuchanganye, angalia namba kwenye kioo.)

Namba yenyewe si omu. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi inasukuma mkondo mdogo, kwa mita nyingi ni karibu miliampia 1, halafu inakuandikia ni volti ngapi zimesimama kati ya miguu miwili. Dayodi ya silikoni haifunguki mpaka isukumwe na nusu volti na kidogo, ndiyo maana 1N4007, ile dayodi nyeusi ya kawaida, ikiwa mezani inasoma kati ya 0.5 na 0.7. Mita za njano za bei chee huandika 580 badala ya 0.580, ni kitu kimoja, zinahesabu kwa milivolti. Geuza nyaya. Ukiona OL (mita inasema kipimo kimepita kikomo chake), au ile "1" iliyoganda kushoto, safi. Upande mmoja namba, upande wa pili hakuna kitu.

Waya mwekundu ukiwa kwenye anodi, mguu wa chanya, ndipo unapata namba. Kathodi, mguu wa hasi, ni upande wenye mstari: wa fedha kwenye zile nyeusi, mweusi kwenye zile ndogo za kioo kama 1N4148.

Ukipata 0.000 pande zote mbili, shoti. Ukipata OL pande zote mbili, imekatika ndani. Dayodi zinazobeba umeme wa ukutani hufa zaidi kwa shoti, kwa hiyo ukifungua kifaa ukakuta fyuzi imelipuka na kioo chake kimekuwa cheusi, usiweke fyuzi mpya kabla hujapima dayodi nne za briji, zile zinazogeuza umeme wa ukutani kuwa DC (umeme wa upande mmoja kama wa betri). Utaichoma na hiyo.

Na usikariri 0.6 kama sala. Dayodi za Schottky, aina inayofunguka kwa volti ndogo, kama 1N5819 au SR560 utakazokuta kwenye chaja, zinasoma 0.15 mpaka 0.3 hivi. Mtu akiona 0.18 anasema inavuja anaitupa. Ni nzima, ndivyo ilivyozaliwa. Ukiwa na shaka soma maandishi ya mgongoni, kisha pima mpya ya aina hiyohiyo ulinganishe.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja. Kama dayodi ipo kwenye saketi ya umeme wa ukutani, chomoa waya halafu toa chaji kwenye ile kapasita kubwa. Umeme wetu wa volti 230 ukishapita kwenye briji unakaa kwenye kapasita kama volti 325 za DC, na unaweza kubaki pale muda mrefu baada ya kuchomoa. Itoe kwa rezista ya kilo-omu 2 mpaka 10, ya wati 5, kisha hakikisha kwa mita. Usiipige shoti kwa bisibisi: inaharibu kapasita, inachoma njia za bodi na inakurusha mkono.

Karibuni kwa maswali.

MWANAGENZI

Uzi mzuri mkuu, naweka kambi hapa. Nina maswali mawili. Kwanza, LED nyekundu nikiipima na mita inawaka kidogo, lakini nyeupe na bluu zinagoma, mita inaandika OL pande zote. Ni mpya, nimetoka nazo dukani Kariakoo leo. Nimeuziwa mbovu?

Pili, nimepima dayodi ikiwa kwenye bodi ikasoma 0.04 pande zote. Nikaitoa, ikasoma vizuri kabisa. Hii imekaaje?

FUNDI WA KONA

Hujauziwa mbovu. LED nayo ni dayodi, tofauti yake ni kwamba inafunguka kwa volti kubwa zaidi, na kila rangi na kiwango chake. Kwa mkondo huu mdogo wa mita, nyekundu inafunguka kwenye 1.6 mpaka 1.9 hivi. Bluu ni karibu 2.5 kwenda juu. Nyeupe ni ndugu wa bluu: ndani yake kuna kidonge cha bluu kilichopakwa unga wa manjano, mwanga wa rangi hizo mbili ukichanganyika jicho linaona nyeupe. Ukikwangua ule unga utaona bluu mwenyewe.

Sasa mita ina kikomo chake. Nyingine inaweza kusukuma mpaka volti 3 na zaidi, nyingine inaishia 2 na kidogo. Ya kwako haifiki kwenye bluu, kwa hiyo inasema OL. Maana yake kamili ni "mimi nimeishia hapa", na hilo halijasema lolote kuhusu ubovu wa LED. Ukitaka kujua mita yako inaishia wapi, iweke kwenye alama ya dayodi, kisha gusanisha nyaya zake na nyaya za mita nyingine iliyowekwa volti za DC. Namba utakayoiona kwenye hiyo ya pili ndiyo kikomo chako. Iandike kwa maka pen nyuma ya mita, itakusaidia maisha yako yote ya ufundi.

Cha kupimia LED nyeupe ni betri ya volti 9 na rezista ya kilo-omu 1 kwenye waya wa chanya. Nyeupe itapata kama miliampia 6, nyekundu kama 7, hakuna itakayoungua. Ikiwa inawaka, pima volti kwenye miguu yake hapohapo. Usiiache imegeuzwa kwenye betri, maana LED nyingi hazijatengenezwa kuvumilia zaidi ya volti 5 za kinyume.

Mguu mrefu ni anodi. Kama imeshakatwa miguu, papasa ukingo wa plastiki: upande uliokatwa bapa ni kathodi. Ile ya kuangalia ndani kwamba kibakuli kikubwa ni kathodi mara nyingi ni kweli, lakini zipo zilizogeuzwa. Mimi naamini betri.

Swali la pili: kwenye bodi dayodi haiko peke yake. Angalia kama imeunganishwa na koili ya transfoma. Koili kwa mita ni waya tu, na mkondo wa mita unapita njia rahisi. Ndiyo maana ukiona 0.04 kwenye bodi usikate shauri. Nyanyua mguu mmoja tu, pima tena. Kapasita kubwa nazo zina mchezo wake: namba inapanda taratibu mpaka inatulia, kwa sababu mita inaijaza kapasita kwanza. Subiri itulie.

BABU TRANSFOMA

Vijana mnasahau mita ya mshale. Nimetengeneza redio za mkulima tangu enzi za transista za jemaniamu, na mpaka leo mshale wangu upo mezani. Faida yake ni hii: kwenye kipimo cha omu mara elfu kumi, mita nyingi za mshale zinatumia betri ya volti 9 ya ndani. Hapo LED nyeupe inawaka, japo hafifu, na dayodi inayovuja inaonekana, mshale unanyanyuka kidogo upande ambao haukutakiwa kunyanyuka.

Lakini mwambie kijana asichanganye. Kwenye mshale, ukiwa kwenye omu, waya MWEUSI ndio wenye chanya ya betri. Kinyume na hizi za digitali. Nimeona watu wakifunga dayodi kichwa chini kwa sababu walijifunza kwenye mita moja wakaja kupima kwa nyingine.

FUNDI WA KONA

Shikamoo babu. Hilo la waya mweusi nilitaka kulisema, umenitangulia.

JIRANI WA STIMA

Salamu kutoka Nairobi. TV yangu ya inchi 32 sauti iko, picha hakuna. Nikizima taa za nyumba nimulike tochi karibu na kioo, naona picha kwa mbali inatembea. Fundi mmoja wa hapa mtaani ameniambia kioo kimekufa ninunue TV ingine. Hii ni ya dayodi ama niko uzi usio wangu?

FUNDI WA KONA

Uko uzi wako kabisa, jirani. Kama picha inaonekana kwa tochi, kioo kinafanya kazi. Kilichozimika ni taa za nyuma yake, na hizo ni LED zilizopangwa kwenye kanda za alumini, kila moja na kofia yake ya lenzi.

LED zile zimefungwa mfululizo, mkondo unatoka ya kwanza kwenda ya pili mpaka ya mwisho. Moja ikikatika zote zinazima. Nyingine ikiungua utaona kidoa cheusi katikati, kama sindano imechomwa. Lakini si lazima kidoa kionekane, kwa hiyo unapima moja moja ukitumia vile vidoti vya shaba pembeni ya kila LED, TV ikiwa imechomolewa.

Na hapa ndipo ule mtego wa kikomo unarudi. Zipo LED za TV za volti 3 na zipo za volti 6. Ya volti 3 mita yenye kikomo kizuri inaiwasha kwa mwanga hafifu. Ya volti 6 ina vidonge viwili mfululizo ndani ya kifuniko kimoja, na mita yako haitaiwasha kamwe. Fundi asiyejua anapima zote, zote OL, anakwambia "kanda zote zimekufa". Betri ya volti 9 na rezista yetu ya kilo-omu 1 inatosha kuamua kesi: ya volti 6 itawaka, hafifu lakini itawaka. Mafundi wa TV wana kifaa chao cha kupimia LED ambacho kinatoa mpaka karibu volti 300 kwa mkondo mdogo, wanawasha ukanda mzima kwa mara moja. Kama utakitumia, shika sehemu za plastiki tu.

Ukibadilisha, weka ya volti ileile. Na kama umri wa kanda ni mkubwa, badilisha seti nzima, maana zilizobaki zimeshachoka pamoja na hiyo iliyokufa, utarudi kufungua tena. Kufungua ndiko kwenye hatari: kioo cha ndani ni chembamba na zile tepu za kuunganishia pembeni zikichanika, hapo ndipo kauli ya huyo fundi wako itakuwa kweli.

Ikishapona, nenda kwenye mipangilio ushushe mwanga wa nyuma. TV nyingi watu wanaziendesha kwenye mwanga wa juu kabisa mchana na usiku, na mkondo mkubwa na joto ndivyo vinavyoua LED mapema.

MTU WA MJINI

Wakuu mnajitesa. Balbu ya LED ikifa nunua nyingine, pesa ya chipsi mayai. Haya mengine ni kutafuta sifa.

FUNDI WA KONA

Balbu moja, sawa, nunua. Lakini mtu mwenye boksi la balbu za shule nzima zilizokufa hatafuti sifa, anatafuta LED moja moja iliyokatika.

Na kwa kuwa umeileta mada: LED za kwenye balbu ndizo zinazodanganya mita kuliko zote. Nyingi zina vidonge kadhaa ndani ya kifuniko kimoja, zipo za volti 9 na zipo za volti 18. Mita itasema OL kwenye zote na hakuna iliyokufa. Kwa hizo funga betri tatu za volti 9 mfululizo, upate 27, na rezista ileile ya kilo-omu 1. Ya volti 18 inapata kama miliampia 9, ya volti 9 inapata kama 18. Inawaka au haiwaki, huna haja ya kubahatisha.

Kuna wanaoiruka LED iliyokufa kwa tone la risasi ya kulehemu, wanaunganisha pande mbili. Inawaka, ndiyo. Tuseme balbu ya wati 9 ina LED 14 za volti 18, jumla 252. Katika balbu nyingi za bei rahisi kuna chipu ndogo inayokula volti zinazozidi ili mkondo usipande. Ukiruka LED moja umeiongezea hiyo chipu volti 18 za kula, kwa mkondo wa miliampia 35 ni zaidi ya nusu wati ya joto ndani ya kifuniko ambacho hakina hewa. Ukiruka mbili, ni zaidi ya wati nzima. Moja naweza kuelewa, mbili usiniitie.

Halafu ile sahani ya alumini yenye LED: usiipime wala kuigusa balbu ikiwa kwenye umeme na kofia imetolewa. Kwenye balbu hizi mara nyingi hakuna transfoma inayotenganisha. Kila kidoti unachokiona kinaweza kuwa na umeme wa ukutani.

MAMA SOLA

Mimi ninauliza ya paneli. Ninayo ya wati 100, mwanzoni ilikuwa inatoa volti 21 juani bila mzigo. Siku hizi inatoa kama 11, jua likiwa kali vilevile, na betri haijai. Kioo hakijapasuka. Wauzaji wananiambia paneli imezeeka. Ina miaka miwili.

FUNDI WA KONA

Dada, hiyo 21 kushuka mpaka 11 ni nusu karibu kabisa. Paneli ikizeeka inapungua kidogo kidogo, haikatiki nusu kwa siku. Nusu ni alama ya vidole ya dayodi.

Paneli ya aina yako kwa kawaida ina seli 36, na kwenye kisanduku cheusi cha nyuma kuna dayodi mbili, kila moja inalinda seli 18. Kazi yake: kivuli kikianguka kwenye seli moja, mkondo wa seli nyingine uzunguke pembeni badala ya kulazimishwa kupita humo na kuichoma. Dayodi hiyo ikipiga shoti inakuwa kama waya uliounganisha pande mbili za seli 18, na nusu ya paneli inabaki haina faida.

Tenganisha paneli na kontrola ya chaji kwanza. Ilaze kifudifudi au ifunike na blanketi zito, maana ikiona jua inazalisha, na mita kwenye alama ya dayodi haitaki volti za mtu mwingine. Fungua kisanduku. Angalia kwa macho: plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka karibu na dayodi moja inatosha kukuonyesha. Nyanyua mguu mmoja wa kila dayodi, pima pande zote mbili. Hizi ni Schottky, kwa hiyo nzima inasoma 0.2 au 0.3 na kidogo. Mbovu itasoma sifuri na kulia.

Ukienda kununua usikubali 1N4007. Hiyo ni ya ampia 1. Paneli yako juani inaweza kusukuma kama ampia 6. Omba 10SQ045 au 15SQ045, ni za ampia 10 na 15, volti 45. Mstari wake uelekee upande uleule wa ile ya zamani, piga picha kabla hujaitoa.

BINTI WA SAKETI

Naomba niingie hapa maana mkuu ameligusa la 1N4007 juujuu, na ndilo linaloua vifaa vingi.

Mita inakuambia dayodi inafungua upande gani. Haikuambii inabeba ampia ngapi, inavumilia volti ngapi za kinyume, wala ina kasi gani. 1N4007 na FR107, ambayo ni dayodi ya kasi, ukizipima zinafanana, zote zitakupa 0.5 na kitu, umbo moja, weusi mmoja, mstari mmoja. Lakini 1N4007 imetengenezwa kwa umeme wa hezi 50. Ndani ya chaja ya simu au kisimbuzi, upande wa baada ya transfoma, umeme unageuka makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. 1N4007 haifungi haraka kiasi hicho: inaendelea kupitisha kinyume wakati inatakiwa imeshafunga. Inachemka, volti zinashuka, na baada ya dakika chache chipu inayoiendesha nayo inaondoka. Mtu anasema "nimeweka dayodi mpya na nimeipima nzima". Ni kweli ilikuwa nzima.

Halafu ile ya kusema OL upande wa pili maana yake "safi", mkuu hapo tuongeze neno. Mita inajaribu kwa volti 3. Dayodi inayotakiwa kuzuia volti 300 inaweza kuzuia 3 bila shida na ikaanza kuvuja kwenye 150. Kwa hiyo OL ni cheti cha kwamba haijapiga shoti, basi. Kama dayodi inasoma vizuri lakini kifaa kinaunguza fyuzi mara tu kikipata umeme, ibadilishe bila kujadiliana nayo. Kabla ya hapo waweza kujaribu omu kwenye kipimo cha megaomu 20: silikoni nzima upande wa kinyume haionyeshi kitu. Schottky inaweza kuonyesha kuvuja kidogo, ndiyo hulka yake, usiihukumu kwa hilo.

Zena, dayodi za kushikilia volti maalumu, ni vilevile. Kwa mita zena ya volti 12 na ya volti 5.1 zinasoma kama dayodi ya kawaida, 0.7 hivi. Kujua volti zake: chukua DC ya volti 24, rezista ya kilo-omu 1 mfululizo, mstari wa zena uelekee chanya, pima kwenye miguu yake. Ya 12 itakupa 12.

FUNDI WA KONA

Nakubaliana na kila mstari. Wanaosoma juujuu, rudini hapo juu msome tena ya binti.

MWANAGENZI

Nashukuru wote. Mimi nataka kufunga LED nyeupe tatu za kawaida kwenye pikipiki, mfululizo, na rezista. Nimepiga hesabu: LED moja volti 3.2, tatu ni 9.6, betri 12, zinabaki 2.4, kwa miliampia 20 ni omu 120. Jamaa yangu wa kijiweni alifunga hivyohivyo, zikaungua baada ya muda mfupi. Tatizo ni LED za bei rahisi?

BINTI WA SAKETI

Hesabu yako ni sahihi kwa betri iliyolala. Pikipiki ikiwa inatembea chaji yake inapanda mpaka 14.4 hivi. Rudia: 14.4 toa 9.6, zinabaki 4.8. Gawa kwa 120, unapata miliampia 40. Umezipa mara mbili ya zinachostahili. LED haina breki yake yenyewe, volti chache zikiongezeka mkondo unaruka, na rezista yako ndogo ina nafasi finyu ya kuuzuia.

Piga hesabu kwa 14.4 tangu mwanzo: 4.8 kwa miliampia 20 ni omu 240, dukani utapata 270. Injini ikizimwa mwanga utapungua, zitakuwa zinapata kama miliampia 9, lakini zitaishi. Au funga mbili tu mfululizo na rezista ya omu 390: kwenye 14.4 zinapata kama 20, kwenye 12 zinapata kama 14. Tofauti ni ndogo kwa sababu rezista imebaki na volti nyingi za kuchezea. Mimi ningefunga mbili mbili. Ya robo wati inatosha, hapo inakula chini ya wati 0.17.

JIRANI WA STIMA

Nimefungua. Ukanda wa pili, LED ya nne, kidoa cheusi kama alivyosema. Ni za volti 6, mita ilikuwa inasema OL kwa zote, betri ndiyo imenionyesha. Nimepata seti kwenye maduka ya Luthuli, hapa Nairobi. Kioo nimekilaza kitandani na sijaruhusu mtoto yeyote kuingia chumba hicho.

MAMA SOLA

Na mimi nimefungua kisanduku. Dayodi moja inasoma 0.24, nyingine inalia pande zote na chini yake plastiki imefanya kahawia. Nimeikata nikaitoa kabisa, nikarudisha paneli juani, imesoma 20.8.

Mjini naenda Jumamosi. Naweza kuitumia hivihivi bila dayodi mpaka siku hiyo, au niizime?

FUNDI WA KONA

Itumie. Paneli inazalisha vizuri bila hiyo dayodi ilimradi hakuna kivuli. Angalia tu tawi la mti, kamba ya nguo, kinyesi cha ndege: kitu kidogo kikifunika seli moja upande huo usio na dayodi, seli hiyo itapata joto la kupita kiasi na kuacha doa lisilofutika. Ifute asubuhi, ihamishe kama mwembe unaifikia saa kumi jioni. Na kisanduku kifunge vizuri na mpira wake, mvua isiingie kabla ya Jumamosi.